Nyumba ya mil 28 ipo Chanika, kazi ninayo, benki hawataki hata kuiona. Mlionunua nyumba iliyokwisha jengwa mlipitaje?

StooKipa_Pugu

Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisikilize kidogo maana hili jambo limenichosha na wife ameshaanza kuniona muongo.

Mimi ni mwajiriwa wa kampuni binafsi hapa Dar, nakaa stoo, mkononi napokea laki 7 na 80. Nimepanga vyumba viwili Gongo la Mboto kwa laki na nusu, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu nikaona kwa mwaka namwachia mil 1 na laki 8, nyumba ndogo za huku kwetu zinauzwa mil 25 mpaka 35, ina maana ndani ya miaka 15 nitakuwa nimemnunulia mtu nyumba nzima na bado nitakuwa nimepanga. Nikasema hapana, akiba ninayo mil 8, ngoja nikakope iliyobaki.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kitunda, ina hati, mil 35. Nikaenda benki wakanipokea vizuri tu, chai wakanipa. Wakataka slip za mshahara, mkataba wa ajira, kopi ya hati, kibali cha ujenzi, na mthamini wao ambaye nalipa mimi. Nikalipa laki 4. Mthamini kaja na tepu yake, kagonga ukuta, kapiga picha choo, kaondoka. Ripoti ikarudi inasema nyumba ni mil 27. Na benki wanatoa asilimia 80 ya hiyo 27, sio ya 35 anayotaka mwenye nyumba! Kwahiyo mil 21 na laki 6, nyingine mil 13 na laki 4 nitafute mwenyewe. Nikasema nikope kwa shemeji nijazie, huku benki wanasema bado faili lipo kwa mwanasheria, mara lipo makao makuu, mwezi wa nne huo unaingia mzee kanipigia simu "kijana nimeshauza, kuna mtu kaja na hela". Laki 4 yangu ya mthamini ikafa hivyo hivyo.

Sasa nimepata ya pili, Chanika, vyumba viwili na sebule, kiwanja 20 kwa 20, haijapigwa plasta kwa nje ila bati nzuri na maji yapo. Mil 28. Anauza mama mmoja mtu mzima. Karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Benki ya kwanza wamekataa kabla sijakaa kwenye kiti, ya pili wakaniambia "lete hati ndo tuongee".

Swali langu, sisi watu wa nyumba za mil 20 mpaka 30 mkopo wetu uko wapi? Maana kwenye matangazo naona familia inacheka mbele ya geti.

Bwana_Mkubwa88

Kwanini ununue nyumba ya mtu? Nunua kiwanja ujenge mdogo mdogo kama wanaume wenzako. Mil 8 unapata kiwanja na msingi unatoka.

StooKipa_Pugu

@Bwana_Mkubwa88 nimelisikia hilo kwa baba mkwe pia. Msingi utatoka halafu utaota nyasi. Simenti mfuko elfu 16 na kuendelea, na huku kodi nalipa palepale. Jirani yangu alianza boma mwaka 2015 mpaka leo watoto wanachezea kombolela humo ndani.

FailiLipoJuu

Mkuu nimefanya kitengo cha mikopo miaka 9, siwezi kutaja wapi, ila nikwambie ukweli kutoka ndani.

Ukija na nyumba sisi hatuangalii nyumba, tunaangalia karatasi. Mshahara wako kwa mil 20 ungepita, tuliza moyo, tatizo sio wewe. Tatizo ni kwamba siku ukishindwa kulipa benki lazima iweze kuuza, na ili iuze lazima rehani iwe imesajiliwa kwa msajili wa hati, na karatasi ya mtaa haisajiliki huko, ni ushahidi kwamba mliuziana mbele ya mwenyekiti basi. Hapo hata uwe na mshahara wa mil 5.

Kuhusu mthamini, yule anaandika bei mbili, ya soko na ya mnada, yaani ikibidi iuzwe haraka haraka itapata ngapi. Wengi wetu tunakopesha kwa kuangalia ile ya chini. Na nyumba za mitaa isiyopimwa barabara haina jina, gari linafika kwa kuomba uwani kwa watu, mthamini anakata tu. Mwenye nyumba yeye anahesabu tofali alizonunua na jua lililompiga, ndo maana bei zenu hazikutani.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalijui. Kushughulikia mkopo wa mil 20 na wa mil 200 kazi ni ile ile. Mwanasheria yule yule, upekuzi ardhi ule ule, usajili, bima ya nyumba, bima ya maisha yako, ridhaa ya mwenza (hiyo ni lazima kisheria, nyumba ya ndoa hairehaniwi mwenza asipokubali, na mke akisema hakushirikishwa kesi inakuwa ndefu). Sasa meneja ana lengo la mwezi la kutimiza, atahangaika na wa mil 20? Ukisoma taarifa za soko za Benki Kuu na TMRC (kampuni inayozikopesha benki hela za mikopo ya nyumba), wastani wa mkopo mmoja wa nyumba nchini miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya mil 80. Piga picha mwenyewe ni nyumba za nani hizo. Na nchi nzima mikopo hiyo yote ukiijumlisha haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa.

Sio kwamba hakuna kilichofanyika. Sheria ya mikopo ya nyumba ilirekebishwa 2008, TMRC ikaanzishwa 2010 ili benki zipate hela ya muda mrefu, maana benki zinakopesha miaka 15 kwa hela za akiba ambazo mwenyewe anaweza kuja kuzitoa kesho asubuhi. Kabla ya hapo benki zinazotoa mkopo wa nyumba zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, sasa zimezidi 30. Ila riba bado inacheza 15 mpaka 19, na yote hayo yanaanzia kwa mwenye hati. Asiye na hati hayumo kwenye mazungumzo.

MwlSelemaniMoro

Mimi ni mwalimu, nimenunua nyumba ya hivyo hivyo hapa Morogoro na wala sikwenda kitengo cha nyumba. Nilichukua mkopo wa mshahara. Nilikopa mil 20 kwa miaka 7, riba 16, wananikata laki 3 na 97 kwa mwezi. Hela iliingia kwenye akaunti siku ya nne, nikamlipa mwenye nyumba mbele ya wakili, wiki iliyofuata nikahamia. Hakuna aliyeniuliza hati wala kupima choo.

Watu wananiambia mkopo wa mshahara ni wa kununulia pikipiki na harusi, sasa nikawapigia hesabu. Mil 20 hiyo hiyo ukiichukua kama mkopo wa nyumba miaka 15 kwa riba 17, kwa mwezi ni laki 3 na elfu 8 hivi. Umeokoa elfu 90 kwa mwezi, ila mwisho wa safari umerudisha mil 55. Mimi nitarudisha mil 33 na kidogo. Kwahiyo kama tumbo linaweza kuvumilia, miaka 7 ni bora.

Ila sikufichi ilikuwa ngumu. Sisi watumishi kuna ile ya kubakiza theluthi moja ya mshahara, nami nilibakizwa hiyo theluthi kweli kweli. Mwaka wa kwanza tulikula mchicha mpaka mtoto wa mwisho akauliza kama tumeokoka.

Wewe ni wa kampuni binafsi, hapo angalia kama mwajiri wako ana makubaliano na benki, kama hana watakupa miaka michache na hela kidogo.

DalaliMstaafu

Nimesoma yote nimecheka kidogo. Mnawasema benki tu, ngoja niwaambie upande wa muuzaji maana mimi nimekaa nao kwenye mikeka miaka 20.

Anayeuza nyumba ya mil 28 hauzi kwa raha. Anauza kuna mgonjwa, kuna ada, kuna mtoto yuko ndani anatakiwa atolewe, au ndugu wamegombana wanataka kugawana. Huyo ukimwambia "subiri miezi minne benki wanapitia faili" anakuona tapeli. Kuna mwenye mil 25 taslimu na kuna wewe mwenye mil 28 ya karatasi, atamchukua wa 25 na atakushukuru kwa kumpandishia bei. Ndo kilichokupata Kitunda.

Jambo la pili ni kodi. Ukinunua kwa benki kila kitu lazima kiandikwe bei ya kweli, kihamishwe jina, TRA wajue. Muuzaji anadaiwa asilimia 10 ya faida aliyopata, na faida utaijuaje wakati mama wa watu alijenga 2009, risiti za simenti za 2009 azitoe wapi? Tangu 2023 kuna ile ya asilimia 3 kwa asiye na kumbukumbu za gharama, angalau imesaidia, lakini bado kwa mil 28 ni laki 8 na 40 ambayo yeye hakuipigia hesabu. Weka ushuru wa stempu asilimia 1, wakili, mthamini wa serikali, deni la pango la ardhi la miaka 12 kama ina hati. Akija mtu wa taslimu anayeandikishana kwa mwenyekiti, yote hayo hayapo, kuna ile "kumi ya mtaa" (asilimia 10 ya bei) tu wanayoidai ambayo nayo sijawahi kuonyeshwa imeandikwa kwenye sheria gani.

Sasa StooKipa nikuulize kitu kimoja, luku ya hiyo nyumba inasoma jina la nani? Ukinunua umeme wa elfu 2 kwenye hiyo mita jina linatokea. Fanya hivyo kabla hujalala.

wa_Embakasi

Salamu kutoka Nairobi wadau. Msidhani huku kwetu ni tofauti sana. Tuna KMRC tangu 2018, inapea mabenki na masacco pesa ya bei nafuu ndio wananchi wapate mkopo wa nyumba kwa riba ya chini ya asilimia 10, na kusema kweli hiyo imesaidia wenye wako na makaratasi. Shida ni zile ploti za kampuni za kununua mashamba za kitambo, Eastlands yote imejaa hizo, mtu ako na flati ya ghorofa tano na karatasi yake ni sheya satifiketi, yaani cheti cha hisa za hiyo kampuni. Ukienda nayo benki wanakuangalia tu. Mimi nilitaka kununua nyumba ya marehemu jirani, mawe, vyumba vitatu, imekaa poa kabisa, ikakwama hapo hapo. Halafu stempu yetu ni asilimia 4 mjini, nyinyi na hiyo 1 yenu mnalia nini.

MamaVicoba

Karibu kaka wa Kenya.

StooKipa mdogo wangu, mimi nimepita njia ambayo hujaigusa. Nilikuwa kwenye SACCOS ya kazini, akiba yangu ilikuwa mil 4, kwetu unakopa mara tatu ya akiba, nikachukua mil 12, wadhamini wanachama wenzangu watatu, hakuna aliyeuliza hati. Nyumba ilikuwa mil 19 Mbagala ndani ndani huko. Iliyobaki mil 7 nilimwomba baba mwenye nyumba nimlipe kwa miezi kumi, laki 7 kila mwezi. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na mume wangu na mjumbe, tukakaa naye barazani, tukaelewana hivi: funguo ananipa, chumba kimoja cha uani anabaki nacho yeye mpaka nimalize. Tuliishi naye miezi kumi mle ndani, alikuwa anaamka saa 11 alfajiri anasikiliza redio sauti ya juu, lakini hela ilivyoisha alitoka mwenyewe na tulilia siku hiyo. Mpaka leo anakuja sikukuu.

Mkataba uandikwe na wakili, sio wa kuandika mezani kwa mwenyekiti kwenye karatasi ya daftari. Uandikwe kabisa ukichelewa mwezi inakuwaje, na yeye akifa katikati inakuwaje, na watoto wake wakubwa wasaini.

Na mtu asije akakudanganya "nunua tu, hati itakuja na urasimishaji", yaani ule mpango wa kupima mitaa isiyopimwa ili watu wapewe hati. Mtaani kwetu walikuja kampuni ya upimaji, bei elekezi ilikuwa laki na nusu kwa kiwanja, tukachanga nyumba karibu zote, vigingi vikawekwa, kimoja kipo katikati ya bafu la jirani yangu hadi leo anakianikia taulo. Kampuni hatuioni tena. Hati atakayepata apate, mimi bei niliyolipa ni ya nyumba isiyo na hati na ndivyo ninavyoihesabu.

FailiLipoJuu

@MamaVicoba umeongea jambo kubwa hapo mwisho. Nyongeza tu, wapo watu wanaotembea na leseni ya makazi wakidhani ni hati. Ile ni ya miaka michache, mitano hivi, inafaa kwa mkopo mdogo wa biashara kwa baadhi ya benki, ila nani atakupa mkopo wa miaka 15 kwa karatasi ya miaka 5. Ukiipata nyumba yenye leseni sio mbaya, ni hatua, jina lako linaanza kuonekana serikalini.

StooKipa_Pugu

Wakuu nimerudi, siku tatu sijalala vizuri.

Nilifanya alichosema Mstaafu. Nikanunua umeme wa elfu 2, ikaja meseji, jina la kiume. Nikamuuliza mama, akasema "huyo ni marehemu mume wangu". Nikamuuliza mirathi ilifunguliwa? Akaniangalia kama nimemtukana. Kumbe mzee alifariki 2017, hakuna kikao cha familia kilichoandikwa, hakuna kitu mahakamani, na kuna watoto wanne, wawili wa mama huyu na wawili wa mama mwingine wako Tabora. Karatasi ya mauziano ya mtaa yenyewe, nilipoisoma vizuri bila kuangalia muhuri tu, aliyenunua kile kiwanja ni mzee.

Kwahiyo tuseme ningepata ile mil 20 ya haraka kwa mshahara, leo ningekuwa nimeshampa mama ambaye peke yake hana mamlaka ya kuuza. Nimeona kizunguzungu. Nilikuwa nalalamika benki wamenikatalia na kumbe nilikuwa naenda kujichimbia mwenyewe.

Lakini sijaiacha nyumba. Nimefuata njia ya MamaVicoba, nimeenda na wife, tumekaa na mama na kijana wake mkubwa. Tumekubaliana hivi: wao wanakaa kikao, wanaandika muhtasari, anapendekezwa msimamizi, wanakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, wale wa Tabora wanashirikishwa na mgao wao unajulikana. Gharama za hapo nitamsaidia mama kidogo na zitakatwa kwenye bei, imeandikwa. Msimamizi akishapata barua yake ndo natoa mil 8 yangu kwa wakili, na kazini nimeulizia, kuna benki ina makubaliano na sisi, wanaweza kunipa mil 11 kwa miaka 5. Inabaki mil 9, hiyo mama amekubali nimlipe kwa mwaka na nusu, laki 5 kwa mwezi, ila ameshikilia hatoki mpaka nimalize nusu. Hapo wife amenuna. Anasema yeye hawezi kupika jiko moja na mwanamke mwingine. Na mimi nikijumlisha rejesho la benki na hiyo laki 5 naona hakibaki kitu, labda nimwombe mama iwe miaka miwili na nusu, laki 3 kwa mwezi.

Wale wa Tabora ndo wananitia wasiwasi, mmoja hapokei simu.

DalaliMstaafu

Asiyepokea simu ndiye atakayekuja siku ya kukabidhi funguo. Mtumieni nauli aje kwenye kikao, nauli ya Tabora haifiki laki, na asaini akiwa amekaa na wenzake. Kuhusu jiko, mjengee mama banda la kupikia nyuma, bati nne na tofali mia mbili, mke wako atatulia.

MamaVicoba

Na mnunulie redio ndogo ya spika za masikioni mapema.